Kisanduku cha "Amepotea"

Mmesema nieleze kazi yangu ilivyokuwa, ili nyie mlioingia juzi na tableti zenu mjue mlikotoka. Haya. Nimekaa hapa barazani kwangu Kiseke, miguu nimeinyoosha, mjukuu wangu ananiandikia maana mwandiko wangu ni wa darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilivuka kwa huruma ya mwalimu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee. Akininyooshea, chai hapati.

Vyeo sina cha kusimulia. Niliingia mhudumu wa hospitali, nikatoka mhudumu. Katikati walinibatiza majina: mhudumu msaidizi, mwezeshaji wa jamii, mwisho nikawa mfuatiliaji wa wagonjwa ngazi ya jamii. Jina likawa refu kama treni ya mizigo, na kiti cha kukalia bado hakuna. Lakini nilifurahi jamani! Mimi kupewa kazi ya kutembea kwenye nyumba za watu na kuongea? Hiyo wengine wanaita umbea, hospitali wakaiita ufuatiliaji.

Siku ya kwanza kabisa nilipewa ndoo, dekio na sista wa wodi aliyekuwa na uso kama ameonja ndimu. Nikaanza kudeki. Kitanda cha kwanza nikamsalimia mzee, akanieleza habari za ng'ombe wake. Kitanda cha pili, mama akanieleza habari za mkwe wake. Kufika jua la utosi, nimedeki nusu ya wodi na ninajua siri za wodi nzima.

Sista akasimama mlangoni. "Wewe Milembe, umekuja kudeki au kuhutubia?"

"Nadeki, sista. Mdomo ndio unatangulia, dekio linafuata."

Hakucheka. Sidhani kama alikuwa na meno. Akaenda kusema kwa wakubwa kwamba huyu mdomo wake upelekwe masjala, kwenye mafaili, maana mafaili hayana masikio.

Masjala ndiko nilikomkuta Mzee Hamisi, Mwislamu wa mjini hapa, kofia yake nyeupe haijawahi kupata vumbi japo alikaa kwenye vumbi maisha yake yote. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa anasema maneno machache, mimi nasema yaliyobaki, tukaishi vizuri. Yeye ndiye alinifundisha kupiga simu. Nyie mnapiga simu kama polisi: "Hapa ni hospitali, je, mgonjwa wenu yuko hai?" Mwee! Mtu anapika ugali wake, mnampigia na mauti mkononi. Mzee Hamisi alisema, "Milembe, simu ya hospitali ni bundi. Usilie kama bundi. Salimia. Uliza watoto, uliza mvua. Halafu sema, na mama je? Kisha ufunge mdomo, hata kama utakuuma. Ule ukimya ndio utakujibu."

Kufunga mdomo lilikuwa somo gumu kuliko darasa la nne.

Basi, wakati huo akaja Daktari Rweyemamu. Mhaya, na hakuna siku alituacha tusahau. Mtu mzuri lakini. Alikuja na jambo lake la rejista ya wagonjwa wa uvimbe, kwamba kila mwenye uvimbe aandikwe: ametoka wapi, ana umri gani, ulianzaje, uko wapi mwilini, anaendeleaje mwaka hadi mwaka. Akatafuta mtu anayejua Kisukuma na mwenye miguu. Wote wakanitazama mimi. Nadhani walitazama mdomo.

Akaniita pembeni. "Mama Milembe, kuna uvimbe fulani ndio naufuatilia zaidi. Unaitwa wa nyuroendokrini."

"Rudia, daktari."

Akarudia.

"Basi, inatosha."

Akanieleza kwa upole. Uvimbe huu unaweza kuota kwenye utumbo, kwenye kongosho, kwenye tumbo lenyewe, hata kwenye mapafu. Ni wa ukoo wa saratani, lakini mwingi unatembea polepole, sio kama zile nyingine zinazokimbia. Ubaya wake unajificha, na mwingine unatoa vitu vyake kwenye damu vinamvuruga mtu: joto linampanda ghafla, anaharisha miaka, kifua kinambana. Sasa mtu wa namna hiyo atatufikia lini? Kwanza ataambiwa ana amiba. Halafu taifodi. Halafu vidonda vya tumbo. Akiwa mama mtu mzima ataambiwa ni hedhi inakoma. Mmoja aliniambia, "Bibi, yangu ilikoma zamani, wakaniambia inakoma tena. Ina roho ngapi hii?" Kila duka la dawa pale Nyakato linakuwa limekula kwa mtu huyo kabla sisi hatujamwona.

Nikamwambia Daktari, "Kumbe ni kinyonga. Anatembea polepole, anabadilika rangi, na amekaa mtini kwako siku zote humwoni." Akacheka sana. Tangu hapo ofisini ukaitwa uvimbe wa kinyonga, ila kwenye makaratasi waliandika lile jina lao refu, maana wafadhili hawatoi mradi wa kinyonga.

Sio wote wenye joto, wengine walikuja kivingine. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kila asubuhi kabla ya chai anatetemeka, anatukana watu, anaanguka. Kwao wamesema kifafa, jirani kasema mashetani, mwalimu mkuu kasema pombe. Akinyweshwa soda, anakaa vizuri, anaomba radhi. Watu wakasema mashetani gani haya yanapenda soda. Daktari akakuta kitu kidogo kama punje ya harage kwenye kongosho kinamaliza sukari yake yote. Wakakitoa. Mwalimu akarudi kuchapa watoto vizuri tu.

Sasa ile fomu. Mmeikuta imenyooka, hamjui ilivyokuwa kabla. Swali moja lilikuwa: "Je, uso wako unakuwa mwekundu?" Wameitoa huko wanakokuwa wekundu. Tunauliza, na kila mtu anajibu hapana. Miezi na miezi, hapana, hapana. Rejista ikaonyesha watu wetu hawapati lile joto kabisa. Wakubwa wakafurahi, wakasema huenda Wasukuma wana kinga ya ajabu. Kinga! Nilimuuliza mama mmoja swali hilo, akanitazama tangu miguuni hadi kichwani. "Mimi mweusi kama sufuria ya msibani, wekundu utapitia wapi?"

Na mahali mtu anapoishi, ndio usiseme. Fomu inauliza "unaishi wapi?" Mgonjwa ametoka mbali huko, amelala kwa mwanae Buswelu usiku wa jana. Anasema Buswelu. Aliyelala kwa shemeji yake Nyakato anasema Nyakato. Wakachora ramani, wakaweka madoa mekundu, Buswelu na Nyakato zikajaa kama zimepatwa surua. Wakaja wageni na magari, wakapima maji, wakanusa hewa ya viwandani, wakala sato hotelini, wakaondoka. Ugonjwa wa Buswelu ulikuwa ni kuwa na ndugu wengi.

Lakini kisanduku kilichonipa kazi ni kile cha mwisho cha fomu. Mgonjwa anaendeleaje? Visanduku vilikuwa vitatu tu: Yupo. Amefariki. Amepotea. Huyo wa tatu ni yule ambaye hajarudi kliniki na simu haipatikani. Kijana wa kompyuta alikitafsiri mwenyewe hicho, akaona kimekaa vizuri. Na mimi, mtu nisiyesoma, nikalishika neno hilo la wasomi nikatembea nalo. Sasa ngoja niwaambie lilinifikisha wapi.

Kulikuwa na mama anaitwa Kabula Lusana. Alikuja tumbo limejifunga, wakampasua, wakakata kinyama wakapeleka kupimwa mbali. Kabla majibu hayajarudi, daktari mmoja aliyekuwa na haraka zake akamwambia mwanae, Mabula, pale pale koridoni: ni saratani, imeshafika kwenye ini, mpeleke nyumbani akapumzike. "Akapumzike." Mnalijua hilo neno. Mabula akamchukua mama yake wakaondoka.

Muda ukapita, majibu yakarudi. Daktari Rweyemamu akaniita, karatasi mkononi, uso umebadilika.

"Mama Milembe, huyu ni kinyonga."

"Sio ile inayokimbia?"

"Sio. Imefika kwenye ini kweli, lakini ni ya polepole. Huyu anaweza kuishi miaka mingi akitunzwa. Kitakachomuua sasa hivi sio uvimbe. Ni kuharisha bila kutibiwa, anakauka, na kule kuambiwa amekwisha. Yuko wapi?"

Tukafungua mfumo. Kabula Lusana, anaishi Buswelu. Anaendeleaje: amepotea.

Nikaenda Buswelu. Mama mwenye nyumba akasema Mabula alihama, amefuata kazi Geita, na yule mama alirudi kwao. Kwao wapi? "Kwao kijijini, wewe bibi, mtu anarudi kwao wapi?" Jibu zuri, asante sana.

Ikabaki namba ya simu kwenye fomu, ile waliyosema haipatikani. Nikapiga, siku hiyo ikaita, nikasalimia, nikauliza mvua, nikauliza watoto. Kisha nikasema, "Na mama Kabula anaendeleaje?" Kimya. Nikafunga mdomo kama nilivyofundishwa.

"Bibi," sauti nzito ya mwanaume ikasema, "mimi sio ndugu yao. Mimi Shija, wa bodaboda. Siku ile waliulizwa namba pale dirishani, mimi ndio nilikuwa nimesimama jirani na simu yenye chaji."

Nyie mnacheka. Nendeni mkaangalie namba mlizonazo, nusu ni za bodaboda.

Lakini Shija huyo ndiye aliyempeleka Kabula kijijini, ng'ambo ya Kisesa, upande wa ziwani. Nyumbani kwa mama huyo Shija hakufika, walimpokea gulioni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nikamwambia twende. Shija ni baba mtu mzima, tumbo lake linafika mahali kabla ya pikipiki, nikakaa nyuma nimeshikilia mkoba na Mungu.

Tukafika gulioni. Kuna kiduka, ndani yake mama mnene anapima sukari. Nikasalimia "mwangaluka", akaitikia vizuri, nikasema, "Mayu," yaani mama, "namtafuta Kabula."

"Kabula yupi? Hapa mvua imenyesha miaka yote."

Ni kweli bwana, kila msichana wa Kisukuma anayezaliwa mvua ikinyesha ni Kabula. Nikasema Kabula Lusana. Hamjui. Na atamjuaje? Kijijini nani anaita mtu mzima kwa jina la hospitali? Anaitwa mama fulani, kwa jina la mtoto. Hilo nililijua, mimi ni Msukuma wa kuzaliwa, lakini siku hiyo nilikuwa nimevaa kitambulisho shingoni, na kitambulisho kinapunguza akili. Nikajikohoza, nikasema kikazi:

"Ni mgonjwa wetu wa hospitali. Amepotea. Ndio tunamtafuta."

Yule mama akaachia kijiko cha sukari. "Amepotea?"

"Amepotea."

"Mtu mzima, mgonjwa, amepotea?"

"Ndio hivyo, mayu. Imeandikwa."

Hakuniuliza la pili. Akatoka nje, akaweka mikono kichwani, akapiga mwano.

Kama hamjawahi kusikia mwano, mna bahati na mna hasara. Ni ukelele wa hatari wa Usukumani: ng'ombe wameibwa, mtoto haonekani, nyumba inaungua. Ukiusikia unaupokea na wewe, unapiga, wa mbele anapokea, unakwenda kama moto wa nyasi. Na ukiusikia lazima utoke. Ukibaki ndani utaulizwa na sungusungu, wale walinzi wa kijiji, na faini utalipa. Kufumba na kufumbua wanaume wameacha majembe, vijana na marungu, filimbi zinalia, mbwa wamechanganyikiwa, na wanawake wamejifunga kanga viunoni. Mimi nimesimama katikati na kitambulisho changu.

Akaja kamanda wao, mzee mfupi, amevaa koti la mvua na jua linawaka.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndio umepoteza mtu?"

"Sio mimi, baba. Ni hospitali."

"Wewe ni wa wapi?"

"Wa hospitali."

"Basi ni wewe. Alionekana mara ya mwisho wapi?"

"Hospitali."

"Akiwa na nani?"

Nikaona hapa pabaya. "Akiwa na... sisi."

"Alikuwa mzima?"

"Alikuwa amepasuliwa."

Mayo! Watu walivyoguna! Mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Wamempasua, halafu wamempoteza!" Mwingine, "Wamempasua wakachukua nini?" Namtafuta Shija kwa macho anitetee, namwona ameegemea pikipiki anamwambia kijana mmoja, "Mimi huyu bibi simjui, ni abiria tu."

Kamanda akainua mkono. "Kabula Lusana hatumfahamu. Lakini mtu ni mtu, atatafutwa. Kundi la kwanza ziwani, kwenye matete. La pili mlimani, kwenye mawe. La tatu mabondeni. Na wewe bibi wa hospitali," akanigeukia, "utakaa hapa. Asipoonekana, utatuambia mmempeleka wapi."

Nikakalishwa juu ya kreti la soda. Kazi yote niliyofanya, ndio kiti cha kwanza nilichopewa.

Nimekaa pale naona watu wanatawanyika, filimbi zinaenda mbali. Jasho linanitoka. Na katika kujuta kwangu nikawa namfikiria Kabula. Huenda tumechelewa. Huenda wanatafuta kwenye matete mtu aliyezikwa zamani nyuma ya nyumba. Mzee Hamisi alinifundisha kusikiliza ukimya, na kijiji kile kilikuwa na kelele zote isipokuwa ile niliyoihitaji.

Ndio nikaona njia ya chini, kwenye mihogo, anakuja mwanamke na fimbo. Amekonda, kanga imemzidi. Anatembea, anasimama, anapumua, anatembea. Akafika dukani amechoka vibaya.

"Mwangaluka," akasema. "Nimechelewa, mnisamehe, naumwa. Nimesikia mwano nikasema nisipotoka mtanisema. Nani kapotea?"

Mama wa duka akamwambia, "Mama Mabula, usingetoka na hali yako hiyo! Ni mwanamke mmoja. Wamempasua tumbo hospitali ya mjini, halafu wamempoteza."

"Maskini," akasema, akakaa chini polepole. "Na mimi walinipasua. Anaitwa nani huyo?"

"Eti Kabula Lusana."

Yule mama akamtazama mwenye duka. Akanitazama mimi na kitambulisho. "Lusana yupi?"

"Sisi hatumjui."

"Lusana," akasema, "ni baba yangu."

Mama wa duka akaanza kucheka, akashika kaunta, akacheka mpaka akakaa kwenye sukari. Mimi nalia. Sijui nalia nini, nalia tu. Na Kabula katikati yetu, uso umeanza kung'aa kama umepakwa mafuta, jasho shingoni, anajipepea na kanga, ameshika kifua. Lile joto. Ndio nikaliona kwa macho yangu linavyopanda. Halikuwa jekundu hata kidogo.

Lilipopita akanigeukia. Ana ulimi, huyo mwanamke! Tulipatana siku hiyo hiyo.

"Nani kasema nimepotea?"

"Imeandikwa hivyo, mayu. Hukurudi kliniki."

"Nirudi kufanya nini? Si mlimwambia mwanangu nikapumzike? Nimepumzika. Nimepumzika mpaka nimechoka. Nikila naharisha, nikaacha kula. Mbuzi nimegawa, sufuria nimegawa, kitenge cha kuzikwa nacho kipo sandukuni. Sasa hata kufa kwenyewe mmekuja kusimamia?"

Nikamwambia. Nikaacha ukimya, nikaacha mafunzo yote, nikamwambia kama mtu anavyomwambia dada yake. Kwamba majibu ya kile kinyama yamerudi, kwamba waliosema walisema mapema mno. Kwamba ugonjwa upo, siwezi kukudanganya haupo, lakini ni kinyonga. Anatembea polepole, bado una miaka naye. Joto na kuharisha kuna dawa ya kutuliza. Daktari anakusubiri leo.

Akakaa kimya muda mrefu. Nikajua huu ndio ule ukimya, nikaufungia mdomo.

"Na sufuria zangu?" akasema. "Nimeshagawa."

Kamanda alikuwa amerudi, ameambiwa yote, koti linamvuja jasho. Hakucheka, yeye kazi ni kazi. Akatoa hukumu: "Moja, sufuria zote zirudi leo. Mtu hajafa, hakuna urithi. Mbili, kilichopotea kikipatikana kinarudi kwa aliyetoa taarifa, kwa hiyo Mama Mabula anakwenda hospitali na huyu bibi. Tatu, huyu bibi amepigisha mwano wa bure. Faini, jogoo."

"Baba, mtu si amepatikana?"

"Hakuwa amepotea."

Nikalipa jogoo. Na hapo alikuwa na haki.

Tulipanda watu watatu, Kabula katikati, kwenye pikipiki ya Shija, ambaye ghafla akakumbuka kwamba ananijua. Daktari Rweyemamu alimpokea, wakamtundikia maji, na joto likampanda mbele yake. Akavuta kiti akamtazama mpaka lilipoisha. Akamuuliza, "Mama, hili unaliitaje?" Kabula akasema, "Naliita joto la ghafla, linaanzia kifuani linapanda usoni. Wewe unaliitaje?" Daktari akaenda akafuta lile swali la wekundu kwa mkono wake. Ndio swali mnalouliza leo, maneno ni ya Kabula. Tukarudia kuwauliza wagonjwa wa zamani, na ile kinga ya ajabu ya Wasukuma ikaisha wiki hiyo hiyo. "Unaishi wapi" nayo ikawa "kwenu ni wapi, na mtaani wanakuitaje?"

Sio wote walitoka kwenye mihogo na fimbo. Wengine niliwafikia nikakuta kaburi lina maua bado mabichi, nikakaa na wafiwa, nikala ugali, nikarudi nikajaza kisanduku cha pili. Hao siwasimulii. Nawakumbuka tu, na nyie mtakuwa na wenu.

Kabula alianza sindano ya kila mwezi, ikiwepo. Isipokuwepo, alikuja hivyo hivyo kuitukana. Akanenepa. Kila akija anasimama dirishani kwangu, anagonga: "Nimekuja. Andika nimepatikana."

"Kisanduku hicho hakipo, mayu. Nimeomba, wamesema mfumo hauruhusu."

"Kupotea unaruhusu?"

"Kupotea unaruhusu sana."

Basi nikastaafu. Mlinipa keki, hotuba na saa ya ukutani, ili nione vizuri muda ambao sina cha kufanya. Nikakaa hapa Kiseke. Wiki ya kwanza nikapumzika. Ya pili nikapumzika mpaka nikamkumbuka Kabula na kupumzika kwake. Simu nilikuwa nimeizima. Mdomo huu, fikirieni, ukawa hauna mtu wa kusema naye isipokuwa kuku wa jirani.

Sasa juzi asubuhi niko ndani nachambua dagaa, nasikia kelele mtaani. Ukelele, mwano kabisa, Kiseke hapa penye nyumba za geti! Majirani wanafungua milango, mwenyekiti wa mtaa anakuja mbio kandambili mguu mmoja. Na mimi damu yangu ni ya Usukumani, siwezi kubaki ndani. Nikajifunga kanga, nikatoka na sinia la dagaa mkononi, nikapenya kwenye watu.

"Jamani, nani kapotea?"

Watu wakanipisha. Katikati yao amesimama Kabula Lusana, mnene, amevaa kile kitenge cha kuzikwa, ameshona gauni. Kwapani ana jogoo.

"Nimefika dirishani," akasema, anatangazia mtaa mzima, "nimemkuta kijana na tableti. Nimemuuliza, Milembe yuko wapi? Akabofya, akabofya, akaniambia, bibi, huyo mtu mfumo haumwoni. Najua anakaa Kiseke, nyumba siijui, na simu napiga haipatikani. Sasa mtu ambaye mfumo haumwoni na simu haipatikani anaitwaje?"

Nikamshikisha mwenyekiti sinia la dagaa.

Akanishikisha jogoo. "Faini yako hii, nakurudishia, maana mara hii nimepiga mwano wa bure mimi." Kisha akawageukia majirani, mwenyekiti na kandambili yake moja, akapunga mkono kama kamanda.

"Rudini mkapike. Amepatikana."